Kitufe Chekundu

Mackrine, muuza pembejeo wa Kaisho, alijifunza mwenyewe kutengeneza tovuti ili wakulima wampe taarifa za mnyauko wa migomba. Miezi miwili kijiji cha Kimuli hakikuleta taarifa hata moja, kwa hiyo katika ziara zake za mashambani akawa anakiruka.

Leo hatimaye alifika Kimuli, akasimama shambani nyuma ya mama mmoja mzee, akamtazama akijaza taarifa kwenye simu bila kumwelekeza. Kidole gumba, cheusi kwa utomvu wa ndizi, kilipita juu ya “Wasilisha” kikabonyeza “Futa”. Ukurasa ukawa mweupe.

“Hiki kikubwa chekundu ndicho cha kutuma,” mama alisema. “Hii ni mara ya nne. Mbona huji?”

Migomba yake yote ilikuwa ya njano.

“Hazikufika, mama. Kosa ni langu,” Mackrine alisema, kisha akaomba panga la kukatia migomba iliyougua.