Kabla Flash Haijafutwa

Jirani aliapa kwamba kompyuta kuukuu ya saiba pale Migwani bado ina Flash, ile programu ya kuchezea video na sauti iliyozimwa dunia nzima, na kwamba ilimfungulia CD yake ya kwaya. Ndipo Wayua akaja na yake, imefungwa ndani ya leso. Kompyuta zingine zote zilikuwa zimeikataa, na humo ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mama yake.

CD ikazunguka, ikivuma kama nyuki.

"Hiyo Flash ilikufa kitambo, dada," mwenye saiba akasema. "Inaniletea virusi. Naifuta sasa hivi."

Kidole chake kilikuwa juu ya mausi, mahali palipochakaa hadi pakawa peupe.

Spika ikakohoa. Mama akasikika akivuta pumzi, tayari kuimba.

"Boss, tafadhali, ubeti mmoja tu."

Kidole hakikuinuka, wala hakikubonyeza.