Mlango Uko Wazi

Mkono wa kulia wa Mwanahawa ulikuwa umefungwa plasta, kwa hiyo barua pepe ya kumkana kaka yake ilibidi aiseme, simu iandike. Haroub hakuja kumzika mama yao, na hata arobaini ilipita bila yeye.

"Haroub, kuanzia leo usinihesabu kuwa dada yako," alisema, simu ikiwa mapajani.

"Hodi," jirani akaita mlangoni. Na hodi haiachwi hewani.

"Karibu, pita, mlango uko wazi," Mwanahawa akajibu. "Umeshakula?"

Jirani alitaka kuazima mbuzi ya kukunia nazi tu. Alipoondoka, Mwanahawa akakuta simu imeandika kila alichosema. Akasonya, akafuta kwa kidole gumba cha kushoto, herufi moja moja, akaanza upya. Akabisha muuza mkaa. Akafuta tena, akaanza tena. Akaja mke wa imamu kumjulia hali. Kila mmoja alikaribishwa kwa maneno yaleyale, na simu, zuzu lisilochoka, ikayaandika.

"Hivi watu wa mji huu hawana makwao?" alifoka alipobaki peke yake. Hilo nalo likaandikwa.

Akalifuta. Akasoma yaliyobaki: Haroub, kuanzia leo usinihesabu kuwa dada yako. Karibu, pita, mlango uko wazi. Umeshakula?

Kidole kikashuka kufuta, kikasita. Sasa hakuna aliyebisha. Simu ilikuwa bado inamsikiliza, kimstari chake kikiwaka na kuzimika mbele ya lile swali.