Sifa za Mama Yasini

Mtoto alining'inia kwenye mzani akilia kwa nguvu, mapaja yamejaa ndani ya suruali ya kupimia. Nesi Praxeda alisoma mshale, akamtoa, akamrudisha, akasoma tena. Kisha akamzungushia mkononi utepe wa kupimia lishe. Kijani.

"Huyu ni Yasini? Yasini yule yule?"

"Ndiye, nesi," alijibu Semeni, macho chini.

Praxeda hakuamini. Mara ya mwisho kumwona Yasini, kabla hajaenda Tanga mjini kwenye mafunzo, utepe ulisoma nyekundu. Mtoto alikuwa na uso wa kizee, ngozi ya matako imepwaya, hana hata nguvu za kulia. Semeni alikuwa na mimba nyingine changa. Alipoigundua tu alimwachisha mtoto ziwa, maana mkwewe alimwambia maziwa ya mjamzito ni sumu. Tangu hapo Yasini alikula ugali na maji ya mchicha, basi.

Siku ile foleni ilikuwa ndefu na Praxeda alikuwa amechoka. Akapaza sauti: "We mama, huyu mtoto unamlisha au unamwangalia tu?"

Benchi zima likageuka. Kuna aliyecheka. Kuna aliyenong'ona kwamba mtoto kabemendwa, wazazi wake wameshindwa kujizuia naye bado yuko ziwani. Praxeda aliwasikia, hakuwakemea. Alieleza uji wa mahindi, karanga na dagaa, akainama kuandika rufaa ya hospitali. Alipoinua kichwa, Semeni alikwishamfunika mtoto khanga na kuondoka.

Na leo karudi, tumbo limechomoza, kabeba mtoto mnene.

"Ulimpa nini?"

"Uji, kama ulivyosema. Mahindi, karanga, na dagaa niliwatwanga mpaka wakawa unga. Nilimlisha kwa kijiko, kidogo kidogo, kila akiamka."

Mtoto alijinyonganyonga mikononi mwa Semeni, akinyoosha mikono kwenye benchi alikokaa Sabra, jirani yao aliyehamia karibuni kutoka Nguvumali. Sabra alitazama pembeni.

"Kakuzoea huyu," Praxeda alimwambia akicheka. "Na wewe dada, wako yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani, nesi. Leo nimemsindikiza mwenzangu."

Semeni akasogea karibu na meza. "Nesi, nina ombi. Waambie na wao. Sema kwa sauti, kama siku ile."

Maneno hayo yalimchoma Praxeda, lakini aliona ni haki yake. Akasimama, akamshika Semeni bega.

"Jamani, mtazameni mama huyu! Mtoto wake alikuwa anaondoka, yeye akamrudisha. Huyu ndiye mama! Mpigieni vigelegele!"

Hakuna aliyepiga. Yule aliyecheka siku ile alijifunika uso kwa mtandio wake. Wivu huo, Praxeda akawaza, akapiga makofi peke yake. Semeni alisimama wima mpaka makofi yakaisha. Akasema ahsante, akatoka na mtoto, Sabra akimfuata nyuma.

Baada ya kufunga zahanati, Praxeda alishika njia ya kwa kina Semeni. Alitaka kuuona uji huo ukipikwa, ili kliniki ijayo Semeni awafundishe wenzake. Alipopita kwa Sabra alimkuta kibarazani ananyonyesha, na anayenyonya ni yule yule mtoto wa asubuhi. Praxeda akatabasamu. Kumbe na jirani anasaidia kwa ziwa lake! Hilo nalo atalisema mbele ya watu.

Bi Najat, mkwewe Semeni, alikuwa barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

"Nimekuja kumpongeza Semeni. Nataka anipikie ule uji wa Yasini, niuone."

Bi Najat aliuweka ukili chini.

"Amelala," alisema. "Amerudi kutoka huko kwenu akalala. Siku nyingi hajapata usingizi."

"Basi nitamngoja. Mama aliyemwokoa mwanawe hivi, anastahili kungojwa."

Bi Najat alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Uji alipika, mwanangu. Alimpikia mpaka asubuhi ya mwisho, Yasini hawezi tena hata kuumeza. Tulimzika wewe uko mjini. Wanawake wote uliowapimia watoto leo, walilala matanga hapa hapa."