Mtoto wa Rangi ya Majivu

Alikuwepo paka aitwaye Kaniki, aliyejivunia weusi wake kuliko kitu chochote. Mkewe Tunu, mweusi kama yeye, alipozaa watoto watatu weusi na mmoja wa rangi ya majivu, Kaniki alifura.

"Huyu si wangu. Rudi kwenu!"

"Mama yangu ni wa majivu," Tunu akajibu. "Mtoto amemfuata bibi yake."

"Hata kama! Weusi wangu ungemfunika."

Kaniki akamwita mama yake aje kuamua. Mama akamtazama mtoto, akacheka.

"Baba yako, ambaye hukuwahi kumwona, alikuwa wa majivu. Nyote wawili mmeibeba rangi hiyo chini ya weusi wenu. Mtoto akiipata kwa baba na kwa mama pia, inajitokeza. Kwa wazazi kama nyinyi, kati ya watoto wanne, kwa kawaida mmoja huwa hivyo."

Kaniki akanywea. Akamwomba mkewe radhi, akamlamba mtoto kichwani mpaka akasinzia.

Katika uzao uliofuata, watoto wote walikuwa weusi. Kaniki akawageuza mmoja mmoja, kisha akauliza kwa unyonge, "Mke wangu, wa majivu yuko wapi?"

Tunu akacheka. "Mama alisema kwa kawaida, hakusema kila mara. Njoo ulale, tutapata wengine."