Kimya cha Mheshimiwa Spika

Wanyama wa jimbo moja walikuwa na Bunge lao, wakamchagua Kobe awe Spika kwa kuwa hana makeke. Kanuni yao kuu ilikuwa hii: hoja ikitolewa, Spika akinyamaza, imepita.

Ngiri, kiongozi wa walio wengi, akaomba kisima cha umma kiwe chake. Kobe kimya. Akaomba na njia ya kwendea kisimani. Kimya tena.

"Mheshimiwa Spika, wananchi wanakufa kwa kiu!" akafoka Nyegere, mpinzani pekee.

"Kaa chini," Ngiri akamkata. "Spika ameshaamua."

Siku ya mwisho ya muhula, Nyegere alishindwa kuvumilia. Akaparamia kiti cha Spika, akaligonga gamba. "Mzee wangu, toa kichwa tu, unikatalie nikikuona!"

Gamba likabingirika, likalia kama debe tupu. Ndani mlikuwa na mifupa mikavu.

Ukumbi mzima ukapigwa na butwaa. Kanga akazirai.

"Siafu walimmaliza zamani," Nyegere akasema. "Na ile harufu tukamsingizia Fisi! Basi muda wote huu tulikuwa tukimwomba nani?"

Ngiri ndiye aliyezinduka kwanza. Akalirudisha gamba kitini, akalipangusa vumbi, akainama kwa heshima.

"Natoa hoja," akasema, "Mheshimiwa Spika aendelee muhula ujao."

Wabunge wakaligeukia gamba, wakasubiri. Likanyamaza. Wakapiga makofi.