Nani Alipe Jino la Kapinga

Mwaba aliyachukua matusi sebuleni, akayapunguza makali njiani, akayafikisha uani. Ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa hii tangu mwanzo, na kwa desturi mkwe hajibizani na baba mkwe uso kwa uso. Basi Papa Désiré alikaa sebuleni, Musonda akakaa uani, na katikati palikuwa na ukuta mmoja mwembamba wa matofali. Kila mmoja alimsikia mwenzake hata kabla Mwaba hajainuka. Hata hivyo walimsubiri alete maneno, maana walikuwa watu wenye heshima zao.

Kesi ilikuwa nzito. Wakubwa waligombania kama Katanga ni nchi au si nchi. Hapa mtaa wa Ruashi, nyumbani kwa Musonda, waligombania jino. Kapinga, binti wa Papa Désiré na mke wa Musonda, alikuwa ametokwa na plombage, ile dawa ngumu ambayo daktari wa meno huzibia tundu. Jino lenyewe la nyuma, upande wa kushoto. Nani alipe kuliziba upya?

Musonda, kama waume wengi, aliposikia neno kulipa alimkumbuka baba mkwe papo hapo. Jino lilitoboka kwao, alisema, basi litengenezwe na wa kwao. La sivyo bibi arudi kwa baba yake, mtaa wa Katuba, na cherehani yake.

Papa Désiré hakuwa mtu wa kutoka kwake ovyo. Mwaka ule wa 1961, Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, watu wa jimbo la Kasai kama yeye walikuwa wakisakwa mitaani. Malori ya askari wa Katanga yalipita, wanaume wakapakiwa, wengine hawakuonekana tena. Nusu ya majirani zake walikuwa wamekimbilia kambi ya mahema ya Umoja wa Mataifa. Kapinga alimwendea akampigia magoti ili naye ahamie huko, akalia sana. Alijibiwa kwamba karani mstaafu hawezi kulala chini ya turubai kama samaki wa kuanikwa. Lakini Mwaba alipompelekea habari kwamba mkwe anamdai jino, mzee alifunga tai, akafika Ruashi kabla ya chakula cha mchana. Kutishwa aliweza kuvumilia. Kudaiwa, hapana.

“Ambia baba mukwe,” Musonda alisema uani, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, “muntu akikupatia velo ya kutoboka mupira, njo yeye anatengeneza.”

Mwaba alikwenda, akasema. Papa Désiré akasafisha koo.

“Ambia mukwe wangu: siku nilimupatia ile velo, ilikuwa inatembea muzuri. Nani aliipakiza magunia ya makala?”

Baiskeli yenyewe iliketi mlangoni, imefungwa kitambaa shavuni, ikiugulia. Hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia kinywani. Baba yake alipojaribu, Kapinga alipiga yowe mpaka majirani wakatoka nje, na mzee akaona heri aendelee na sheria, awaachie madaktari udaktari.

Wakarudi kwenye sheria. Musonda alitaja karanga ambazo mkewe alilishwa utotoni. Mzee akataja sukari ambayo mume huyu anaitia kwenye chai kana kwamba ana shamba la miwa. Jua lilipoanza kushuka, Mwaba, miguu ikimuuma, alipendekeza walipe nusu kwa nusu. Kwa bahati mbaya pande zote mbili zilikubali. Papa Désiré alikwisha kuchukua kofia yake ili awahi Katuba.

“Papa,” Kapinga akasema nyuma ya kitambaa, “ile plombage balinitia kisha mahari ya kwanza, mbele ya ya pili.”

Baada ya fungu la kwanza la mahari, kabla ya la pili! Kumbe siku ile ya daktari binti alikuwa wa nani? Si wa baba tena, si wa mume bado. Papa Désiré aliiweka kofia chini kwa furaha ambayo hakujali kuificha. Kwa swali kama hilo mtu huweza kuishi wiki nzima. Walibishana mpaka saa ya amri ya kutotembea usiku ikafika, na mzee akalazimika kulala sebuleni, akilalamikia godoro, mto na malezi ya mkwe wake.

Asubuhi kesi ilianza kabla ya chai. Mwaba alikuwa katikati ya mlango, amebeba jibu kali kuhusu mahari, alipoingia Rigobert, jirani wa mzee kule Katuba. Alikuja kwa miguu, bila viatu. Malori yalikuwa yamefika kwenye barabara yao usiku. Nyumba za watu wa Kasai zilivunjwa zote. Seremala wa jirani alipigwa, akapakiwa, na mpaka sasa mkewe hajui yuko wapi.

“Kwako balivunja mulango kwa bunduki,” alimwambia Papa Désiré. “Balikutafuta kwa jina.”

Mzee alikaa. Musonda aliingia sebuleni bila mshenga, akaketi karibu naye, macho chini, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa ifungwe Mwaba hakuwa na cha kubeba. Hofu iliwashika wote, na aibu pia.

Kisha Papa Désiré akaingiza mkono ndani ya koti.

“Nitalipa miye,” alisema. “Jino yote.”

Kapinga akafungua kitambaa. Akachukua kipande cha muwa mezani, akakivunja kwa meno ya kushoto, akatafuna.

“Chunga franka zako, papa, utazitumia mu camp,” alisema. “Plombage iko mule mule. Haiyatoka hata siku moya.”