Shemeji wa Majira ya Mawingu

Mama Pazia aliichomeka sindano ya kushonea makochi ndani ya mto wa kiti, ncha ikitazama juu, akarudi nyuma kuikagua. Haikuonekana. Ndipo alipomfungulia shemeji yake mlango na kumkaribisha akae.

Shemeji hakukaa. Alisimama pale anaposimama siku zote, karibu na mlango wa chumba cha kulala, akauliza kwa sauti ya chini kama mdogo wake, mume wa Mama Pazia, amemeza dawa. Alipoambiwa amemeza, alikohoa, kisha akapaza sauti kuelekea chumbani.

"Wewe si fundi tena. Siku hizi godoro ndilo linalokulalia wewe. Umekuwa mzigo kwa mkeo, umekuwa mzigo kwa... kwa..."

Akasita kama mtu aliyepotea njia. Akaianza tena sentensi ile tangu mwanzo, bila kuruka neno.

"Umekuwa mzigo kwa mkeo, umekuwa mzigo kwa karakana. Lile kochi la kijani nitalishona kama gunia, na mteja nitamwambia ni mkono wako."

Akaondoka bila kumtazama Mama Pazia usoni. Mama Pazia alijitupa kitini kwa hasira, akaruka juu na kulishika paja.

Jina lile alipewa kwa sababu ya kushona mapazia, na waliomjua walimwita mpole. Lakini kwa huyu kaka wa mumewe alikuwa amefunga donge moyoni tangu mwaka alioolewa.

Mumewe, fundi makochi, alikuwa na ugonjwa ambao daktari aliuita baipola. Kuna nyakati ulimpandisha, akaongea bila kupumua, akafumua makochi ya wateja wote kwa mpigo na kuona usingizi ni kazi ya wavivu. Mawingu yalipofunga na mvua za baridi zikaanza, ulimshusha. Alimeza dawa bila kukosa. Mkewe alimfungulia mapazia kila asubuhi ili apate angalau mwanga uliokuwepo. Vyote hivyo vilisaidia, ila havikumtoa kitandani. Alilala akitazama ukuta, ndevu hazinyolewi, salamu haijibiwi, uji ukipoa kando yake. Majira mamoja, kabla hawajaoana, alizama mpaka akakaribia kutorudi. Habari hiyo familia iliisema kwa kunong'ona.

Na mtu kama huyo ndiye wa kutukanwa? Tena na ndugu wa damu, ambaye wakati wa jua hawezi hata kumfukuza kuku mlangoni?

Kitanda kililia huko chumbani.

"Kama gunia?" mumewe aliuliza.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu juzi. Mama Pazia hakuliacha lipoe.

"Kama gunia. Na atasema ni mkono wako. Anataka uozee humo ndani, baba. Utampa nafasi?"

Fundi akatoka, shati amelivaa kinyume, macho mekundu. "Kochi langu halishonwi kama gunia," alisema, akaomba maji ya kuoga.

Huko karakana ya familia, kama majirani walivyomsimulia Mama Pazia, alifumua mishono ya kaka yake mmoja baada ya mwingine na kuishona upya, asimsemeshe mtu. Jioni alirudi na njaa. Kesho yake akazama tena, Shemeji akaja tena na maneno yake, na fundi akainuka tena kwa uchungu. Hivyo ndivyo alivyoyavuka majira yale, kama mtu anayepanda ukuta kwa kucha.

Mama Pazia aliilisha hasira ile ya mumewe kila alipoona inapungua. Kitu kimoja tu kilimkera: mumewe hakumtukana kaka yake hata mara moja. Basi akaamua kuwa hasira ya watu wawili ataibeba yeye peke yake. Akajiapiza kwamba mawingu yakitawanyika, Shemeji atalipa.

Yakatawanyika. Fundi akanyoa ndevu, akaanza kupiga mluzi. Siku alipokwenda kupima viti vya mteja, mkewe alimwita nyumbani Baba Mkubwa, ambaye baada ya kifo cha baba wa ndugu hawa wawili ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya karakana. Akamwita na Shemeji. Hapo mezani aliyamwaga matusi yote, moja moja, maana alikuwa ameyahifadhi. Alitaka jambo moja tu: mtu huyu atoke karakana, asirudi.

Shemeji hakuwa na ufundi mwingine duniani, na watoto wake wote walikuwa bado shuleni. Mama Pazia alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana aliichagua adhabu hiyo.

"Uliyasema maneno haya?" Baba Mkubwa aliuliza.

"Niliyasema."

"Kwa mgonjwa. Kila mwaka."

"Kila mwaka, baba."

"Una la kujitetea?"

"Sina."

"Basi weka ufunguo mezani."

Akauweka. Mama Pazia aliutazama, na utamu wake ukamshuka mpaka vidoleni. Ndipo mlango ulipofunguliwa na mumewe akaingia, vumbi la sponji limemjaa nywele. Baba Mkubwa akamweleza yote, akamwambia asihofu, kaka yake hatamsumbua tena.

Fundi aliuokota ufunguo, akaurudisha katika kiganja cha kaka yake na kukikunja.

"Maneno hayo ni yangu," alisema. "Ninayatunga mimi wakati wa jua, nikiwa mzima, kisha namkaririsha. Akilia, namwambia aanze upya."